Mfuko wa SA kutoka Tandika: majani ya juu yamerudi kijani, ila ina masharti yake

Wakulima wenzangu wa mboga humu Dar, leo nataka niiongelee mbolea ya SA, ile salfeti ya amonia, chembe nyeupe zinafanana na sukari, pamoja na duka dogo la pembejeo la Tandika lililoniuzia, kwasababu nimeitumia misimu mitatu sasa na nimeona cha kuona, na kwasababu karibu kila ninayekutana nae shambani anajua yurea tu, ukimtajia salfa anafikiria dawa ya mikorosho.

Shamba langu lipo Msongola, robo tatu ya ekari, udongo ni kichanga kabisa yaani ukiushika mkavu unapita katikati ya vidole, nalima mchicha, figiri, chainizi, kunde za majani na matuta machache ya vitunguu, maji natoa kisimani. Miaka yote nilikuwa naweka mbolea ya kuku nikiipata, alafu yurea ya kukuzia, basi. Kuanzia masika ya mwaka juzi figiri na chainizi zikaanza kitu ambacho sikukielewa, majani machanga ya juu yanatoka njano ya mpauko, jani zima hadi mishipa yake, ya chini yamebaki kijani, shina jembamba gumu kama mmea umezeeka kabla ya siku zake. Mi nikiona njano nilikuwa najua hiyo ni njaa ya mbolea, naongeza yurea. Zikarefuka kweli lakini juu palepale pameparara. Mchuuzi wangu wa Mbagala Rangi Tatu, tumefanya nae biashara miaka mingi, siku moja akaniambia dada yangu mi nakupenda ila wateja wananipita wanaenda genge la pili, mboga zako zinaonekana za juzi wakati umezichuma leo alfajiri. Iliniuma sana, kwasababu nilikuwa natoa hela na jasho vilevile kama zamani.

Duka la kwanza nililokuwa nanunua sitalitaja. Mara tatu nimeenda na jani mkononi, mara tatu nimerudi na yurea iliyopimwa kwenye mfuko ulioachwa wazi, imeshika unyevu mpaka imegandamana. Mara ya nne nikasema labda ni salfa maana mdogo wangu aliyesomea kilimo SUA alinigusia kwenye simu, kijana wa dukani akanipa salfa ya unga ya njano, ileile wanayopulizia mikorosho kule Mtwara na Lindi kwa ajili ya ubwiri unga, akasema hii ndo salfa yenyewe kamwage. Nikamwaga matuta mawili. Wiki nne hakuna kilichobadilika. Nilikuja kuelewa baadae kwamba ule unga ni salfa tupu na mmea hauwezi kuinywa ikiwa hivyo, lazima kwanza bakteria wa kwenye udongo waigeuze kuwa salfeti, kazi inayochukua wiki mpaka miezi kutegemea joto, unyevu na jinsi unga ulivyosagwa, na wakiigeuza inatoka asidi, ndomana watu wanaitumia kushusha pH (kipimo cha uchachu, ikishuka udongo umechachuka zaidi) kwenye udongo wenye magadi. Kwenye mikorosho inafanya kazi yake juu ya maua na majani, kule ni dawa ya ukungu. Mchicha wa siku 25 hauwezi kuisubiri hiyo safari. Hela yangu ikaenda hivyo na hakuna aliyeniuliza hata nalima nini.

Ndo nikaelekezwa Tandika, duka dogo mitaa ya nyuma ya soko, anauza mzee mmoja na kijana wake. Nimeingia na jani langu, shikamoo baba, akaitikia marahaba mwanangu karibu, alafu kabla sijasema shida akaniuliza "Hilo jani umelichuma juu ya mmea au chini?" Sijawahi kuulizwa hilo swali na muuza pembejeo yeyote. Nikasema juu. Akauliza udongo wangu, nikasema kichanga. Akauliza samadi naweka mara ngapi, majani ya palizi nayapeleka wapi, nikasema nachoma. Akanyamaza kidogo alafu akasema mwanangu wewe umeishiwa salfa, na yurea unayoongeza inazidi kuuonyesha huo upungufu.

Alivyonielezea nikashika mpaka leo, alisema naitrojeni ni kama mama, ikipungua mmea unaitoa kwenye majani ya zamani unawapa machanga, anajinyima ili mtoto ale, kwahiyo njano ya naitrojeni inaanzia chini. Salfa haina huruma hiyo, ikishajengwa ndani ya jani haihami kirahisi, kwahiyo ikikatika wanaoumia ni watoto wa juu. Kwahiyo njano ya chini nenda na yurea, njano ya juu jani zima fikiria salfa, na kama ni njano ya juu lakini mishipa imebaki kijani hiyo mara nyingi ni chuma au manganizi, usinunue SA utapoteza hela. Kwa hayo maelezo peke yake duka nimelipa nyota 5.

Na kwanini yurea haikunisaidia, ni kwamba mmea unatengeneza protini kwa kutumia vyote viwili, kwa makadirio salfa moja kwa kila naitrojeni 15 hivi. Kuna asidi amino mbili, yaani vijenzi vya protini, sisteini na methionini, ambazo haziundwi bila salfa. Ukijaza naitrojeni wakati salfa haipo, naitrojeni inakaa tu ndani ya jani haina wa kujenga nae, na ukijani nao haujengeki vizuri. Yurea ni asilimia 46 naitrojeni na haina salfa hata chembe. DAP tunayopandia haina. CAN, nayo mbolea ya kukuzia, haina. SA ni asilimia 21 naitrojeni na asilimia 24 salfa, kwahiyo mfuko wa kilo 50 unabeba kilo 12 za salfa. Mimi miaka yote hiyo nilikuwa nalisha shamba kitu kimoja.

Sasa niseme kilichonifanya nichelewe hata baada ya mzee kunieleza. Jirani yangu Msongola, mzee mstaafu ninayemheshimu sana, nilipomwonyesha mfuko alishangaa, akasema salfa inanunuliwa? Salfa si inashuka na mvua, hewa yote ya mjini imejaa moshi, wazungu wanalima ngano miaka yote hawajawahi kuweka salfa. Nikakosa amani, nikamrudia mzee wa Tandika, nikampigia na mdogo wangu, nikasoma sana usiku, na nikagundua jirani hajadanganya, ila habari aliyonayo ni ya mahali pengine na zama zingine.

Iko hivi. Makaa ya mawe na mafuta mazito yana salfa ndani yake, ukiyachoma inatoka gesi ya salfa dioksaidi, inapanda, inakutana na unyevu inakuwa asidi, inarudi chini na mvua au vumbi. Ulaya ilivyokuwa inachoma makaa kila kiwanda na kila nyumba, kuna sehemu mashamba yalikuwa yanapokea zaidi ya kilo 50 za salfa kwa hekta kwa mwaka. Ni zaidi ya mifuko minne ya SA kila hekta bila mkulima kutoa senti. Ngano ikashiba, kanola, lile zao la mafuta ya kula, ikashiba, hakuna aliyekuwa anawaza.

Lakini gharama ililipwa kwengine. London Desemba 1952 moshi ulilala juu ya mji siku tano, wakafa maelfu ya watu, ndo 1956 wakatunga sheria ya hewa safi. Maziwa mengi ya Norway na Sweden yakawa na asidi mpaka samaki wakaisha. Sudbury kule Kanada kwenye viwanda vya kuyeyushia nikeli mimea ilikufa eneo kubwa milima ikabaki mawe meusi, mpaka 1972 wakajenga bomba la moshi lenye urefu wa mita 381 ili gesi iende mbali. Na hapa karibu, Mufulira Zambia, watu waliokaa jirani na kiwanda cha kuyeyushia shaba walihangaika miaka kupanda hata mti wa kivuli. Maana gesi yenyewe ikiwa nyingi inaingia kwenye vitundu vya kupumulia vya jani inaliunguza, na asidi ikishuka ardhini inasomba kalsiamu na magnesiamu na kuiamsha alumini ambayo ni sumu kwa mizizi. Kwahiyo kitu kilekile kidogo ni chakula na kingi ni moto. Mimi nimesoma hayo nikafikiria watoto wanaopumua, siwezi kutamani moshi kwa ajili ya figiri.

Basi nchi zile zikaanza kusafisha, 1985 wakasaini makubaliano ya Helsinki ya kupunguza salfa kwa asilimia 30, Marekani wakakaza sheria yao 1990, na Uingereza peke yake imeshapunguza hiyo gesi kwa zaidi ya asilimia 90 tangu 1970. Na kuanzia miaka ya 80 wakulima wa kanola wa Ujerumani, Denmark na Scotland wakaanza kuona nilichokiona mimi Msongola, majani machanga yamepauka, na maua ambayo kawaida ni ya njano yanatoka meupe. Ngano yenye njaa ya salfa unga wake unatoa donge gumu na mkate hauumuki vizuri. Sasa hivi wananunua mbolea ya salfa kama sisi. Nilipomsomea jirani hiyo habari ya maua meupe akakaa kimya muda mrefu alafu akasema kumbe.

Turudi Dar. Watu wanaona foleni ya Mbagala, wanaona moshi wa jaa wanadhani hewa yetu imejaa salfa. Umeme wa Dar kwa miaka mingi sehemu kubwa ulitokana na gesi asilia, ya Songo Songo tangu 2004 na baadae ya Mtwara, na gesi hiyo ina salfa kidogo sana. Dizeli, nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana tangu 2015 salfa isizidi sehemu 50 kwa milioni. Meli zinazopanga foleni pale nje ya bandari nazo tangu tarehe 1 Januari 2020 dunia nzima zimetakiwa kutumia mafuta yenye salfa isiyozidi asilimia 0.5, zamani ilikuwa 3.5. Mkaa na kuni zina salfa ndogo. Moshi wetu una madhara mengi ila kwa salfa ya shambani usiutegemee.

Bahari ndo inatoa kidogo. Maji ya bahari yana salfeti, upepo ukipiga mawimbi unarusha ule mvuke wa chumvi, na vijimea vidogo vya baharini vinatoa gesi yenye salfa, sehemu ya ile harufu ya pwani unayoisikia ukishuka feri Kigamboni. Kwahiyo mwenye bustani karibu na ufukwe anapata zaidi kuliko mimi niliyeko ndani huku. Ila hata akipata, kwenye kichanga haikai. Salfeti inateleza na maji kama naitreti, masika mbili tatu nzito imeshashuka chini ya mizizi. Kinachoishika ni mboji, zaidi ya asilimia 90 ya salfa ya kwenye udongo wa juu kwa kawaida imejifungia ndani ya mabaki ya mimea na samadi, ikioza taratibu mmea unapata. Udongo wangu hauna mboji. Na yale majani niliyokuwa nachoma, salfa yake ilikuwa inapanda na moshi inaondoka zake. Miaka minane nimechoma. Ongeza na mafungu yote yanayoenda Mbagala kila wiki, maana familia ya figiri, chainizi na kabichi pamoja na vitunguu ndo walaji wakubwa wa salfa, ule ukali wa figiri mdomoni na yale machozi ya kitunguu vyote vinatokana na salfa. Inatoka shambani hairudi.

Sasa majaribio. Mzee aliniambia nisimwage shamba zima, nichukue kwanza kilo 25 ambao ni mfuko mdogo uliofungwa kiwandani, nililipa 33,000. Nikachukua matuta manne ya figiri, kila tuta mita 1 kwa 10, yote nimepanda siku moja mbegu moja. Mawili nikaweka SA gramu 125 kila tuta, ni kama visoda 25 vilivyojaa, mawili nikaweka yurea gramu 57, kwasababu hapo naitrojeni inakuwa sawasawa, gramu 26 hivi kila upande, tofauti inabaki salfa tu. Nimepima kwa mzani wa jikoni. Nikaweka kwenye mistari nikafukia kidogo nikamwagilia.

Siku ya 5 sioni kitu. Siku ya 9 nikaanza kuhisi matuta ya SA yana weusi fulani juu, nikadhani macho yangu yanataka kuona. Siku ya 12 nimemwita jirani sijamwambia tuta lipi ni lipi, akanyoosha kidole palepale. Majani mapya yametoka kijani kizito, mapana. Yale yaliyokuwa njano tangu mwanzo yalichelewa, mengine hayakurudi vizuri, lakini machipukizi yote mapya safi. Kwenye kuchuma nilipata mafungu 43 kwenye matuta mawili ya SA na mafungu 30 kwenye ya yurea, kwa kipimo changu kilekile cha mkono. Sisemi na wewe utapata hivyo, matuta manne ya mtu mmoja kwenye shamba moja sio utafiti, na kama udongo wako ni mfinyanzi wenye mboji huenda usione tofauti yoyote. Nasema nilichokiona. Mchuuzi wangu wa Rangi Tatu aliporudi hakuuliza bei, alihesabu tu mafungu, na hiyo siku nimeenda nyumbani nimefurahi kuliko siku zote za mwaka ule.

Vitunguu navyo, msimu wa pili, vilikuwa na ukali wa kitunguu. Mwaka wa shida vilikuwa vinakatika kama tango, huhisi kitu machoni.

Nyota moja ya mbolea nimeitoa, ndomana nimeipa 4, na sababu ni hizi.

Kwanza asidi, na hili naomba mlishike. SA ndo mbolea ya kukuzia inayochachusha udongo kuliko zote tulizozoea hapa. Kila kilo 100 za SA zinahitaji kama kilo 110 za chokaa kufuta asidi yake, maana yake mfuko wa 50 ni kilo 55 za chokaa. Mimi nilipeleka udongo kupimwa Morogoro kabla, pH ikawa 5.8, baada ya misimu mitatu nikapeleka tena ikawa 5.4. Kichanga hakina kinga, kinabadilika haraka. Kama udongo wako tayari upo chini ya 5.5 usianze na SA, anza na chokaa, au chukua jasi.

Jasi hiyo inastahili maneno yake. Ina salfa kama asilimia 18, haina naitrojeni, haichachushi udongo, na inachimbwa hapahapa nchini, Makanya kule Same, Itigi, Kilwa. Kwenye kunde mi naona ndo yenyewe, kwasababu kunde zinajitengenezea naitrojeni kwenye vile vinundu vya mizizi, hazihitaji ya dukani, ila vinundu bila salfa vinafanya kazi kivivu. Mzee aliniambia kabisa usiweke SA kwenye kunde utatupa hela, na angeweza kuniuzia tu akanyamaza. Shida ni kwamba jasi ya kilimo kwenye maduka ya Dar haipatikani kila siku, niliagizia nikasubiri wiki tatu.

Pili bei. Msimu uliofuata mfuko wa 50 nilichukua kwa 62,000 wakati yurea mfuko ulikuwa 78,000. Ukiangalia haraka SA ni rahisi, lakini mfuko wa SA una naitrojeni kilo 10 na nusu na wa yurea una kilo 23, kwahiyo kama unatafuta naitrojeni tu unaumia. Saivi nachanganya, mkupuo wa kwanza wa kukuzia naweka SA, wa pili yurea kidogo. Mfuko mmoja wa SA kwa ekari kwa msimu unatosha kabisa kwa salfa ya mboga, ni kama kilo 30 kwa hekta. Kuzidisha hapo ni kuchachusha udongo bure.

Tatu mvua. Masika usiweke yote siku moja, gawa mara mbili, kwasababu ikija mvua ya kutwa kwenye kichanga salfeti inaondoka yote. Na usiimwage juu ya majani mabichi yenye umande, niliunguza nusu tuta la chainizi kwa haraka zangu za asubuhi, majani yakatoka madoa ya kahawia. Mwagilia kwa keni mara baada ya kuweka. Na usiichanganye siku moja na chokaa au majivu, amonia itaruka kama gesi utaisikia puani, weka chokaa wiki kadhaa kabla. Ila kwenye kuruka hewani peke yake SA ina uafadhali, yurea ukiiacha juu ya udongo jua linawaka sehemu ya naitrojeni inapotea, SA inavumilia zaidi kwenye udongo wetu usio na chokaa. Na kwenye stoo haishiki unyevu upesi kama yurea, mfuko wangu nimeuweka juu ya mbao, umefika mwezi wa nne bado unamwagika vizuri.

Ukinunua angalia mfuko umeshonwa kiwandani, umeandikwa naitrojeni 21 na salfa 24, na usikubali ya kupimiwa kwenye mfuko wazi kwasababu nyeupe yoyote inafanana na nyeupe nyingine. Kijana wa duka alinifundisha jaribio dogo, kijiko cha SA kwenye kikombe, chokaa kidogo, maji matone, nusa. Harufu kali ya amonia itakupiga hapohapo. Chumvi haifanyi hivyo. Na ukiikoroga kwenye maji safi inayeyuka yote, ikibaki mchanga chini rudisha.

Kitu kingine kimoja kimekaa kichwani. Ukipita barabara ya Mandela utaona malori yamebeba salfa imetoka bandarini inaenda migodi ya shaba ya Kongo, kule wanatengenezea asidi ya kuyeyushia madini. Siku nyingine vumbi lake la njano limemwagika pembeni ya lami. Shehena zinapita mlangoni kwetu kila wiki, na mkulima wa Chanika au Mbande majani yake ya juu ni njano na hajui jina la kinachokosekana. Natamani mabwana shamba wetu kwenye kata wawe wanauliza swali la yule mzee, juu au chini, linachukua sekunde mbili.

Kuhusu huduma ya duka, wanafungua mapema kabla ya saa mbili asubuhi, jioni wanafunga magharibi, Jumapili nusu siku. Unalipa taslimu au kwa simu na risiti wanatoa bila kuomba. Duka ni finyu, watu wawili mmejaa, na kuegesha ni taabu kwasababu ya biashara za barabarani, bora uende na bajaji au guta. Mzee anaongea taratibu na hana haraka hata foleni ikiwepo, kama una haraka utachoka, mimi nimeona ni heshima kwa mteja. Mara moja nilimpigia saa mbili usiku kuuliza kama naweza kuweka SA kesho yake mvua ikiwa imetabiriwa, akapokea, akasema subiri mwanangu ipite. Kweli ilinyesha siku mbili.

Majani ya palizi sichomi tena, nimechimba shimo la mboji pembeni ya kisima, lina miezi sita. Jumamosi naenda Tandika kuchukua mifuko miwili ya chokaa kwanza, SA itafuata mwezi ujao nikishaona udongo umetulia, kijana wa bajaji tumekubaliana 15,000 mpaka shambani.